Kochi Lililozuia Mlango

Wiki iliyopita nilifuatana na binti yangu kwenda kutafuta kochi. Ameolewa juzi tu, wamepanga nyumba ghorofa ya nne, na sebule yao ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Muuzaji alitutembeza kwa subira. Alikuwa na makochi ya kukunja yakawa vitanda, makochi yenye kabati chini ya kikao, makochi membamba ya watu wasiokusudia kukaa sana. Binti yangu alipima kila moja kwa simu yake na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimesimama kando ya kochi lililokuwa halijavuliwa nailoni, na hapo ndipo harufu iliponishika: gamu, sponji mpya, na mbao iliyokatwa asubuhi ileile. Nikaketi bila kukaribishwa. Binti yangu akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia ni joto tu.

Haikuwa joto. Nilikuwa nimerudi chumbani kwa nyanya, Mji wa Kale, nina miaka minane, na sioni pa kuweka mguu.

Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka makochi ya wakati ule. Hayakutengenezwa yahame. Letu lilikuwa refu, la mvule, na mikono yake ilikuwa mipana kiasi cha kuwekea sahani ya wali na bakuli la mchuzi. Lilivishwa mahameli ya kijani kibichi. Tulipokuwa mtaa wa Tononoka halikumbughudhi mtu, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kampuni aliyofanyia kazi baba na sebule yake ilikuwa kubwa. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Akirudi kazini hakwenda kitandani, alijilaza pale kwenye kochi, miguu juu ya mkono wa kushoto, na mahameli ya upande ule ilikuwa imekwisha manyoya. Mimi ndiye niliyekuwa nikimvua soksi. Kisha akashikwa na homa. Ilimchukua siku nne, akazikwa siku ya tano kabla ya adhuhuri, na kampuni ikampa mama mwezi mmoja wa kuhama.

Hatukuwa na pa kwenda ila kwa nyanya, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya mirathi, chini wakikaa watu wengine na juu akikaa yeye, vyumba viwili na kiukumbi kidogo alichopikia mahamri ya kuuza. Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Cha mbele, chenye madirisha mawili yanayotazama kichochoro, alitupa sisi.

Mama alikuwa kwenye eda. Neno hilo nililisikia sana siku zile, lakini hakuna aliyenieleza maana yake. Watu wazima walilisema kwa sauti ya chini, namna wanavyoyasema majina ya maradhi. Nyanya alikwenda kumuuliza ustadhi kama inafaa mama kuhama kabla ya siku zake, akaambiwa ni dharura, nyumba si yao, wahame. Basi mama akaletwa asubuhi na mapema kwa gari la jirani, amefunikwa gubigubi, akapandishwa ngazi na kuwekwa chumbani kwa nyanya. Vitu vyetu vikafuata alasiri kwa mkokoteni.

Kitanda kilipanda kikiwa kimefunguliwa vipande. Kabati nalo likapanda, kwa matusi. Kochi lilifika ngazi ya tatu likakwama. Zile ngazi zetu mnazijua, nyembamba, zinapinda kabla hujajua kama zimeanza. Hamali wawili walilisimamisha, wakalilaza, wakaligeuza kichwa chini, kisha mmoja wao akajifuta uso kwa kikoi na kusema, "Bi mkubwa, hili halipandi. Hata tukeshe."

Nyanya akaenda kwenye mlango wa chumba chake, akasema kwa ndani, "Zena, kochi halipandi. Nilirudishe wapi?"

Mama tangu msiba alikuwa hasemi sana. Alijibu ndiyo, la, na alhamdulillahi. Lakini siku ile nilimsikia wazi, nyuma ya mlango uliofungwa. "Halirudi popote. Lipite dirishani."

"Zena mwanangu, chumba chenyewe wakijua kilivyo."

"Lipite dirishani, mama."

Likapita dirishani. Walilivua dirisha mbao zake, wakateremsha kamba, na kochi la baba yangu likapanda ukutani mbele ya macho ya mtaa mzima. Lilipofika juu likabaki kitambo nusu ndani nusu nje, miguu yake minne ikielekea mbinguni, na wanawake wa nyumba ya pili wakatoa vichwa kutazama. Nilikuwa chini. Niliona haya, na sikujua ninaona haya kwa ajili ya nani.

Lilipoingia haikupatikana nafasi ya kuliweka. Kitanda kilishachukua upande wa ndani, karibu na kijimlango cha choo. Kabati lilisimama mbele ya dirisha moja na kuliziba. Cherehani, meza, sanduku la mama la arusi na friji lisilofanya kazi vilijaza pembe. Ukabaki ukuta mmoja, ule wa mlango. Mlango ulikuwa wa kale, wa mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, moja kulia na moja kushoto. Kochi likawekwa likaubana ubao wa kushoto ukawa haufunguki tena. Hamali wakatoka kwa upande kupitia ubao wa kulia, mmoja baada ya mwingine, wamevuta matumbo. Kisha mama akatolewa chumba cha nyuma, akaingizwa mle kwa upande vilevile, akaketi mwisho wa kochi penye mkono uliokwisha manyoya. Akaweka kiganja juu yake. Sikumwona akitoka tena.

Nataka mnielewe nilivyofikiri. Choo kilikuwa ndani, chakula kililetwa na nyanya, maji yaliletwa na mimi. Mama hakuwa na haja ya kuuvuka mlango ule, wala hakuuvuka. Jumamosi ya kwanza nilimwambia twende tukanunue ubuyu, kama tulivyokuwa tukienda Tononoka. Aliniangalia, akaupapasa mkono wa kochi, akasema, "Siwezi." Wageni wakija kumpa pole walijipanga kwenye kochi, magoti yao yakigusa kitanda, na wakati wa kuondoka nilimsikia jirani yetu Bi Shamsa akimuuliza nyanya kiukumbini, "Kwani Zena hatoki kabisa?" Nyanya akajibu, "Hatoki. Atatokaje, nawe waona." Mimi nilichoona ni kochi. Mama aliingia, kochi likafunga njia nyuma yake. Akili ya miaka minane haikuhitaji ushahidi zaidi.

Nami nilikuwa nimefungwa kwa namna yangu. Nilijifunza kuvuka chumba bila kukanyaga sakafu: kutoka kitandani hadi kwenye sanduku, kutoka kwenye sanduku hadi mkono wa kochi, kisha mlangoni. Nikiangusha penseli haikupatikana. Dirisha lililobaki liliingiza mwanga mwembamba uliopita juu ya kabati na kuishia darini, kwenye boriti. Ukuta ulitoka jasho. Mama hakujitia manukato wala udi, kwa hiyo chumba hakikuwa na harufu yake tena. Kilinuka kochi, na kochi lilinuka baba: mafuta ya mashine na mafuta ya nazi. Nilipolala niliisikia harufu ile ikinikaribia, na asubuhi nikiamka nilimkuta mama ameketi palepale, macho yako wazi, uso mkavu. Hakulia. Nyanya alilia jikoni, Bi Shamsa alilia, mama hakulia. Wakati mwingine nilitaka kupiga kelele ili kuta zisogee.

Kila siku baada ya kuuza mahamri nyanya alikwenda sokoni Marikiti kununua nazi, na siku ambazo sikuwa na skuli alinichukua nimbebee kikapu. Nyuma ya Marikiti, kwenye uchochoro wa mafundi, kulikuwa na karakana ya fundi mmoja aitwaye Charo, mtu wa bara ya Kilifi, Mkristo, mrefu, mwenye penseli sikioni daima. Nje ya karakana yake alikuwa ameweka kochi dogo kuliko yote niliyowahi kuona. Nyanya alipokuwa akibishana na muuza nazi, nikaponyoka nikaenda kulitazama.

"Wataka kuketi?" fundi akaniuliza.

"La. Nataka kujua kama laweza kuingia chumbani kwetu."

Hakucheka. Watu wazima wengine wangecheka. "Chumba chenu kina ukubwa gani?"

Nikanyoosha mikono. Akaniambia nikirudi nyumbani nichukue uzi, nipime ukuta, nifunge fundo, nimletee.

Nilichukua uzi wa cherehani ya mama. Mama aliniona nikitambaa kando ya kochi, akaniuliza nafanya nini, nikamwambia nacheza. Siku ya pili nikampelekea fundi uzi wenye fundo. Akaunyoosha juu ya futi yake ya mbao, kisha akauliza, "Na mlango?" Sikuwa nimepima mlango. "Na ngazi? Pale zinapopinda?" Wala ngazi sikupima. "Basi hujapima kitu, mwanangu. Ukuta ndio wa mwisho. Kiti chapaswa kufika kwanza."

Nikapima mlango, ule upande mmoja uliofunguka. Nikapima ngazi pale zinapopinda, nimelala kifudifudi. Niliporudi mara ya tatu nilikuwa na uzi wenye mafundo sita, na nilikuwa nikikumbuka kila fundo ni la nini. Fundi Charo akaandika zote kwenye ubao kwa penseli. Akasema hapana haja ya kochi jipya. Lile letu likiwa ni la mvule, laweza kukatwa katikati, likaunganishwa upya likawa fupi, likasogea, na mlango ukafunguka pande zote. Kisha akaniuliza nani amenituma.

"Mama."

"Kwa nini asije mwenyewe tuongee?"

Nikamwambia kile nilichoamini kuwa ni kweli. "Hawezi kupita mlangoni. Kochi limemfungia ndani. Miezi mitatu sasa."

Fundi aliweka penseli chini. Leo najua alifikiri nini: alifikiri mama yangu ni mgonjwa, au ni kilema, au amenenepa kwa maradhi, na watu wamemwacha humo. Akaniuliza tunakaa wapi.

Alikuja siku ya pili, saa nne za asubuhi, na msumeno wake ndani ya gunia. Nilikuwa nikimngoja kwenye kibaraza. Nyanya alikuwa Marikiti. Nilimwongoza ngazini nikiwa na furaha kubwa kuliko nilizowahi kuwa nazo tangu tuhame, nikimwonyesha kila mahali nilipopima. Tulipofika juu nikausukuma ubao wa mlango kabla hajabisha. Akasema, "Hodi, mama," kwa sauti yake nzito.

Mama alikuwa ameketi kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, ndani ya nguo yake nyeupe. Aliposikia sauti ya mwanamume aliruka, akatafuta pa kujificha, na hapakuwa na pa kujificha. Nyuma ya kochi kulikuwa na ukuta. Njia ya chooni ilizibwa na mimi nilivyosimama juu ya sanduku. Akajibana kati ya kabati na kitanda, akageuka, akauelekeza uso wake ukutani na kujifunika kichwa kwa mikono miwili. Alisimama hivyo, mabega yamepanda, mfano wa mtoto aliyeadhibiwa mbele ya darasa.

Fundi alielewa kabla yangu. Aligeuza uso, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kiukumbi. "Nisamehe, mama," akasema. "Sikujua. Wallahi sikujua." Lile neno la wallahi kinywani mwake nalikumbuka mpaka leo, lilimtoka tu. Akashuka ngazi kwa kasi, na pale zinapopinda akakutana na nyanya akipanda na kikapu chake.

Nyanya hakunipiga. Ningependa kama angenipiga. Aliketi kwenye kigoda, akanisimamisha mbele yake, akasema polepole, "Wewe mtoto, umemletea mama yako mwanamume chumbani. Ndani ya eda. Wajua watu watasema nini?" Sikujua. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimemfanya mama ageukie ukuta. Akaniambia tangu siku ile, nikitoka skuli ni juu moja kwa moja, kibarazani sikai, Marikiti sendi. Hivyo tukawa wawili ndani.

Mama alikaa siku mbili hasemi nami. Siku ya tatu, nilipokuwa nikifanya hesabu za skuli juu ya sanduku, akaniita kwa jina, akapiga kikao cha kochi kwa kiganja. Nikaketi.

"Yule mtu ulimleta afanye nini?"

"Alikate kochi."

"Kwa nini?"

"Mlango ufunguke. Upate kutoka."

Kisha akanieleza, taratibu, kama alivyonifundisha kufunga kamba za viatu. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, haonani na wanaume wasio jamaa zake. Hiyo ndiyo eda. "Si kochi linaloniweka," akasema. "Ni siku. Siku zikiisha, natoka."

"Tutakwenda kununua ubuyu?"

"Tutakwenda."

Sijui kama nyinyi mliwahi kupata faraja ya namna ile utotoni, ya kugundua kwamba jambo lililokutisha lina mwisho na mwisho wake una tarehe. Nililichukia kochi kidogo kuliko zamani. Hata nililala juu yake mchana mmoja, miguu yangu kwenye mkono wa kushoto, na mama akaniacha.

Siku zikaisha. Nyanya aliamka mapema akachemsha maji ya majani. Bi Shamsa na wanawake wengine wanne wakaja, wakamwogesha mama, wakamvisha dira la rangi ya zambarau, wakamfukiza udi mpaka macho yangu yakawasha. Walikuwa wakisema kwa sauti za juu na kucheka. Buibui lake lilipigwa pasi. Walipanga kumtembeza kwa jamaa, nyumba mbili tatu za karibu, kisha arudi tule. Wanawake wakatoka kwa upande mmoja mmoja, wakapanga foleni ngazini, na mama akawafuata mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwona ameushika ubao wa kulia kwa mkono mmoja, na ncha ya kiatu chake cha kulia imeshavuka kizingiti. Akasimama.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Nendeni. Nitakuja kesho."

Akavua buibui akarudi mwisho wa kochi.

Kesho yake hakutoka. Wiki ikapita. Ikawa mwezi. Mwanzo nyanya alimwacha, akasema mazoea. Kisha akamkaripia, akamwambia eda imekwisha na kujifungia zaidi ya hapo si ibada. Mama alijibu, "Ndiyo, mama," akakaa. Na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kwa sababu nilikuwa nimemwamini. Siku zilikuwa ndizo, zimeisha, na bado yumo. Basi lilikuwa kochi tangu mwanzo, nami nilikuwa nimesema kweli, na watu wazima ndio waliokosea. Nililala nikiwa nimeshika nguo yake, na nikiota niliota milango inayosinyaa.

Ilikuwa siku ya Jumatano, nimetoka skuli, nikamkuta nyanya kibarazani amevaa buibui, kikapu hana. Nikadhani nimekosa tena. Akanishika mkono.

"Yule fundi wako yuko wapi?"

Nilimpeleka. Fundi Charo alipotuona aliweka chini msumeno na kusimama, akitazama miguu yake. Nyanya akamsalimu, akampa pole kwa yaliyopita, na yeye akampa pole ya msiba. Kisha nyanya akasema, "Nataka uje ulikate lile kochi. Mimi ndiye mwenye nyumba, na mimi ndiye ninayekuita safari hii."

Fundi akauliza, "Kochi ni lako, bi mkubwa?"

"La binti yangu. La mumewe."

"Basi unisamehe. Mara ya kwanza nilikwenda bila neno la mwenyewe, nikamtia mtu haya ndani ya chumba chake. Sirudii. Mwenyewe akitaka, na aje aniambie. Vipimo vyote ninavyo." Akaonyesha ukutani. Ubao ule alioandika mafundo yangu sita ulikuwa umetundikwa kwa msumari.

Nyanya hakuzoea kukataliwa. Nilitarajia atanena neno. Lakini aliutazama ule ubao, akanitazama mimi, akasema tu, "Haya."

Jioni alimwambia mama yote, akiwa amesimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kusimama. "Nilitaka likatwe, sikufichi. Fundi amekataa. Asema ni mpaka aambiwe na wewe." Mama hakuinua macho. Mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi juu ya mahameli. Mwisho akauliza, "Alikataa kwa nini?" Nyanya akarudia maneno ya fundi, lile la haya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa mtu kumwachia yeye aamue jambo, akakubali kungoja jibu lake.

Siku mbili zikapita. Ijumaa skuli zilifungwa mapema. Nilipopanda nilimkuta mama amesimama katikati ya chumba, amevaa buibui, mikono imelegea kando. Sijui alikuwa amesimama hivyo tangu saa ngapi. "Nipeleke," akasema.

Tulitoka kwa upande, yeye kwanza. Ngazini aliteremka akishika ukuta, na kila ngazi alitua miguu yote miwili. Kichochoroni mwanga ulimpiga akafumba macho. Mkono wake ulikuwa begani kwangu na ulikuwa mzito, nikatembea nimejikaza nisionyeshe. Mtu mmoja mwenye duka alimwamkia kwa jina, akamjibu. Karibu na Marikiti palikuwa na zahama ya mikokoteni na mapakacha ya maembe, akasimama mara mbili, na mara ya pili nilidhani tutarudi. Hatukurudi.

Kochi lilikatwa wiki iliyofuata. Fundi aliingia chumbani akiwa ameitwa na mama mwenyewe, na nyanya ameketi kitandani akitazama. Alitoa kipande cha katikati, akaunganisha kilichobaki, na mama alimsihi asibadilishe mahameli, kwa hiyo mkono wa kushoto ukabaki kama ulivyokuwa. Mlango ukafunguka pande zote mbili. Kile kipande cha katikati kikawa benchi la kiukumbini, ambalo mama aliketi akimsaidia nyanya kukanda unga, na baadaye akiuza peke yake. Hayo yote yalikuja polepole. Alikuwa na siku ambazo hakushuka, na mimi nilijifunza kutomuuliza.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni pale karakanani, ile Ijumaa. Fundi Charo alimpa mama kigoda, akakaa mbali naye kidogo, mbele ya mlango, ili wapita njia wawaone. Mama akasema alilokuja kusema. Kochi ni la mume wangu. Alikuwa akilala juu yake. Nataka likatwe. Alisema bila kusita, nadhani alikuwa amejifunza maneno hayo kwa moyo usiku wote. Fundi akateremsha ubao wa vipimo, akatoa penseli sikioni, akamuuliza swali ambalo bila shaka aliwauliza wateja wote.

"Na mtakaa wangapi, mama?"

Nikamwona anahesabu. Sikuelewa ugumu wa hesabu ile uko wapi, nikataka kumjibia.

"Wawili," akasema. Na ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, pale kwenye vumbi la mbao, buibui amelivuta usoni, na mimi sikujua nimshike wapi.

Fundi aliandika alichoandika. Kisha akatugeuzia mgongo, akachukua randa, akaweka ubao mwingine mezani, akaanza kuupiga randa kwa nguvu, kelele zikajaa uchochoro mzima mpaka kilio cha mama hakikusikika. Nilikuwa karibu, nikauona ule ubao. Ulikuwa laini tayari.